Siku Mtani Alipomsifu Mama Polisi

Mama yangu aliwahi kuwekwa mahabusu kwa wizi wa sufuria, na mpaka leo akisimulia habari hiyo anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sikucheka siku ile. Kila nyumba inahitaji mtu mmoja wa kukasirika kwa niaba ya wenzake, na kwetu kazi hiyo naifanya mimi tangu utotoni, bila mshahara na bila likizo.

Sisi ni Wanyamwezi wa Ntalikwa. Mwenye duka la vyombo ilikotoka sufuria ile ni Mzaramo wa Mtendeni, mjini Tabora. Babu yake alipanda na msafara kutoka pwani, akafika huku, akaoa, hakushuka tena. Mababu zetu sisi walikuwa wapagazi, wakishuka na mizigo kichwani kupitia kwa akina huyo babu, na inasemekana huko njiani ndiko utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikozaliwa: watu waligombana mpaka wakachoka, wakaona bora wataniane. Sasa mtani ni mtani. Anaweza kukutukana wewe na ukoo wako mbele ya wageni, anaweza kuchukua kitu chako na kuondoka nacho, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa.

Mama na mzee yule walikuwa mabingwa. Mama akienda mjini lazima apite dukani. Atachagua chombo, chochote, atakiweka kichwani kama mpagazi na kutoka nacho polepole, huku mzee akipiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Mpagazi huyo anaondoka na mali ya watu! Hawa hata uwape lori watalibeba kichwani!" Jioni chombo kinarudi, ndani yake mama ametia karanga au matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Naye mzee akija Ntalikwa kutusalimia, akiondoka huwa ana kuku wetu kwapani, anatuaga kwa adabu zote, "Haya, mbaki salama," na kuku anatutazama. Nilipokuwa mdogo nililia nikidhani kuku wangu ameibwa kweli. Nikimwamkia mzee shikamoo, aliniitikia, "Marahaba, mwizi mdogo."

Basi siku ya sufuria, mama alikwenda mjini kama kawaida. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani tu, nasubiri matokeo na kugombana na watu. Mama akaingia dukani, akaona sufuria kubwa ya kupikia ubwabwa wa shughuli, akaivaa kichwani, akatoka. Alichokuwa hajui ni kwamba mzee alikuwa hoi na mafua nyumbani, na kwenye kiti chake alikaa dada mmoja mgeni kabisa wa mji huu, ameanza kazi wiki ile ile. Dada wa watu alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. Akamuuliza mama, "Mama, mbona hujalipa?" Mama, bila hata kugeuka, akamjibu, "Mwambie bwana wako nimechukua, na kesho nakuja kuchukua kabati."

Yule dada akapiga yowe la mwizi.

Vijana wa bodaboda wakamzuia mama pale pale kona. Wengine walimfahamu wakawa wanacheka, lakini dada alikuwa ameshashika kanga ya mama na haachii, kwa hiyo wakaona heri waende wote kituoni, wakamalizane huko. Mama alikwenda polisi anacheka njia nzima, sufuria kichwani. Ndivyo alivyo. Angeweza kusema neno moja tu la maana pale kona na mambo yakaisha, lakini kusema neno la maana katikati ya utani kwake ni kama kutema chakula mbele ya wageni.

Kaunta alikuwepo askari kijana, naye mgeni, anaandika kila anachoambiwa. Akaagiza mwenye mali aitwe. Mzee akaja na mafua yake, kofia imekaa upande, shuka mabegani. Askari akamuuliza kama anamfahamu huyu mama.

"Namfahamu sana," akasema mzee. "Mwizi huyu. Mama yake mwizi, bibi yake mwizi. Hawa wamebeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na nusu hazikufika."

"Amewahi kukuibia kabla ya leo?"

"Miaka yote! Mfunge huyu, afande. Funguo tupa."

Na mama, badala ya kujitetea, akadakia kutoka kwenye benchi, "Kweli kabisa, afande. Na nikitoka naiba tena."

Sasa wewe ungekuwa askari ungefanya nini? Mlalamikaji amethibitisha, mtuhumiwa amekiri, kielelezo kipo mezani na bado kina vumbi la dukani. Kijana wa watu akafanya kazi yake. Mama akapakwa wino vidoleni, akawekwa ndani. Mzee, akidhani askari naye ameingia kwenye utani, akaenda zake kuswali alasiri.

Habari ilinifikia nikiwa nachambua mchicha. Nilikwenda mjini na kisu cha mchicha bado mkononi, jirani akanikimbilia kuninyang'anya, maana familia moja haiwezi kuingiza watu wawili polisi siku moja. Kituoni nilifoka mpaka mkuu wa kituo akatoka ofisini. Yeye alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa mikoa hii. Akasikiliza, akatazama sufuria, akauliza makabila tu: mama kabila gani, mzee kabila gani. Akakaa chini akacheka mpaka akavua kofia. Mama akatolewa, sufuria ikarudi dukani, na kesho yake mama akapita tena dukani akaondoka na chujio.

Ndiyo hiyo habari yenyewe. Ilikaa kama mzaha wa familia mpaka juzi juzi hapa, mzaha ulipotaka kutung'ata.

Baba alipofariki, nyumba ya mama ilikuwa kimya sana. Sisi watoto tumeshatawanyika. Mimi nipo mjini na saluni yangu na mdomo wangu. Mama si mtu wa kimya. Ameimba kwaya ya kanisa la Moraviani tangu usichana, akipika anaongea na vyungu. Ndipo akapata kibarua kwenye shule moja ya bweni ya wasichana, njia ya kwenda Ulyankulu, kumshikia matroni aliyekuwa mgonjwa. Muhula ule mmoja ulimrudishia mama mwili wake. Nilikwenda kumtembelea nikamkuta anasuka nywele za mtoto mmoja, wengine wamemzunguka wanamsimulia mambo ya bwenini wote kwa pamoja, na yeye anawajibu wote. Alininong'oneza, "Mwanangu, huku kuna kelele kama mbinguni."

Matroni mgonjwa akastaafu. Mkuu wa shule akamtaka mama achukue kazi moja kwa moja. Furaha tele, ila kukawa na sharti: siku hizi kila anayelala karibu na watoto wa watu alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Anachukuliwa alama za vidole, zinachunguzwa, kisha ndipo unatoka ukweli kama ana historia ya uhalifu au hana.

Mama akanipigia simu. Hakucheka. "Vidole vyangu si walishaviona?" akauliza. "Kile kisa cha sufuria kitatokea?"

Nikamwambia hakitatokea, kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua. Nikakata simu nikaanza kuuliza watu, na kumbe Tabora nzima ni wanasheria. Mteja wangu mmoja, nikiwa nimemtia dawa kichwani, akasema ukishapakwa wino jina lako haliondoki mpaka kiama. Fundi cherehani wa jirani akasema si kweli, mafaili ya zamani yote yameliwa na mchwa. Shemeji akasema inategemea na sufuria yenyewe ilikuwa saizi gani. Nikaingia kwenye simu kutafuta jibu, nikaletewa habari ndefu za watu wa Marekani walioiba madukani na kunyimwa kazi, kila jimbo na sheria yake, na hakuna jimbo hata moja linalojua utani. Usingizi ukanipaa. Nilikuwa namwona mama anarudishwa Ntalikwa kwenye ile nyumba ya kimya, kwa ajili ya sufuria aliyoirudisha mwenyewe.

Jambo moja niliapa: yule mzee asijue tunakwenda polisi lini. Nilimpenda, lakini mdomo wake ndio uliotuweka pabaya. Mama naye akakubali, maana alijijua. Wakikaa pamoja wale wawili hawawezi kunyamaza, na utani ukianza mbele ya askari tumekwisha.

Siku tuliyokwenda, mama alivaa gauni la kwaya. Tunafika mlangoni, nani yuko kwenye benchi? Mzee. Kanzu imepigwa pasi, koti juu, kofia imenyooka. Sikuwahi kuiona ile kofia ikiwa imenyooka. Nikajua fundi cherehani, ambaye nilimtajia siku, amenisaliti.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa meno.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Mwanangu! Mimi mwizi mdogo leo nimekuwa mwanangu. Nikadhani anajipanga na kubwa zaidi.

Ndani tulimkuta afande wa kike, mpole, kucha zake fupi na safi. Alipomuuliza mama kama amewahi kukamatwa, nilimkanyaga mama mguu chini ya meza. Mama akautoa mguu wake taratibu akasema, "Ndiyo. Kwa sufuria." Akamweleza yote, tangu msafara mpaka chujio, na alieleza vizuri, ila hakuna kitu kinachopoteza ladha kama utani unapoelezwa ofisini. Afande alikuwa anasikiliza bila kutabasamu.

Ndipo mzee akasimama. Nikafumba macho.

"Afande," akasema, "mimi ndiye mwenye ile sufuria. Huyu mama namfahamu tangu ni msichana. Hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Alichochukua kwangu amerudisha, na akakirudisha kimejaa. Siku ile kosa lilikuwa la mdomo wangu. Ni mwanamke mwema, mkweli, mcha Mungu. Mimi mtoto wangu wa kike ningempa amlee bila kuuliza cheti."

Nikafumbua macho. Nilikuwa tayari kumbusu yule mzee. Nikamgeukia mama nikitegemea kumwona anatabasamu, nikamkuta anamtazama mzee kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Afande akamshukuru mzee, akasema hayo hakuhitaji kuyasema kwa sababu hayamo kwenye uchunguzi. Kinachotafutwa ni kama mahakama imewahi kumtia mtu hatiani. "Mama hukupelekwa mahakamani, hukuhukumiwa," akasema. "Kwa hilo sioni cha kutokea. Lakini mimi nachukua alama tu, jibu linatoka juu. Msubiri." Kwa mara ya pili maishani mwake mama akatoa vidole vyake.

Njiani kurudi nilikuwa naongea peke yangu. Nikamsifu mzee, nikasema kumbe ana akili timamu. Tulipofika njia panda ya Ntalikwa mama akasema, "Amenisifu."

"Si vizuri?"

"Mbele za watu. Uso mkavu. Kaniita mcha Mungu." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mwanangu, hata nikifa sikutegemea anisifu. Nilitegemea aje msibani ajilaze kwenye kitanda changu aseme huyu mpagazi amekufa ili asinilipe. Mtani akikusifu amekutoa kwenye utani. Ndiyo basi tena."

Nilikasirika. Nilimwambia mzee amekuja kumwokoa na yeye analalamika. Akasema, "Najua amekuja kuniokoa. Ndiyo maana nalia."

Majuma ya kusubiri yakawa marefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni cheti. Mkuu wa shule alipiga simu kuuliza, akasema kuna mwingine anaiomba nafasi, na muhula uko karibu kuanza. Mama akawa anafua na kufua tena kanga zile zile. Ya pili ni mzee. Mama alipita dukani siku moja nikiwa naye. Mzee akasimama, hebu fikiria, akasimama kwenye kiti chake akasema, "Karibu mama, habari za nyumbani?" Mama akajibu nzuri. Akanunua mwiko. Akalipa. Mzee akamfungia kwenye gazeti na kumshukuru. Tukatoka, na mimi ambaye miaka yote nilitamani wale watu wazima waache upuuzi wao, niliona mji mzima umepoa. Nilitaka kurudi nikamtingishe. Nilielewa kwamba mzee aliogopa: mdomo wake uliwahi kumfunga mtu, sasa ameamua kuufunga wenyewe mpaka jibu litoke, na pengine akishaingia kwenye adabu hajui tena njia ya kurudi.

Cheti kikatoka. Nilikwenda kukichukua mimi, nikakisoma nikiwa nimesimama juani: hakuna kumbukumbu ya uhalifu. Nilipiga kigelegele hapo hapo nje ya kituo cha polisi, kitu ambacho nadhani hakifanyiki mara nyingi. Sufuria haikutokea. Msafara haukutokea. Wala lile ungamo la mama, "na nikitoka naiba tena," halikuonekana popote.

Jumamosi tukafanya sherehe ndogo Ntalikwa. Walikuja majirani, wanakwaya, na walimu wawili wa ile shule. Kulikuwa na wali, kuku, ugali, nsansa, mboga yetu ya majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyotiwa karanga mpaka mtu unasahau nyama. Cheti mama alikitia kwenye fremu akakitundika ukutani, chini ya picha ya baba, ingawa Jumatatu ilibidi akitoe akipeleke shuleni. Alisema baba naye akisome kwanza.

Mzee alialikwa akaja. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, kofia imenyooka, anakula vijiko vidogo vidogo na kusema asante. Mama akimpita anampita kwa heshima. Mimi nilikuwa nawatazama hasira zinanipanda, nikawa nampakulia mzee nyama nyingi nikitumaini atasema kitu, hata cha kunitukana.

Alipomaliza kula akanawa, akatoa miwani yake kwenye mfuko wa koti, akasimama mbele ya ukuta. Akasoma cheti taratibu. Watu wakamgeukia, wakidhani mzee atatoa neno. Akakishusha kile cheti na fremu yake. Akakifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. Akakiweka kwapani, pale pale alipokuwa anaweka kuku wetu, akavaa viatu vyake mlangoni na kugeuka.

"Haya," akasema, "mbaki salama."

Akatoka.

Walimu wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile si ndicho cheti chenyewe. Kabla sijamjibu, mama alikuwa ameshapita katikati yetu na upawa mkononi, miguu mitupu, amepandisha gauni lake la kwaya magotini, anapiga kelele ambazo sikuzisikia tangu baba yupo. "Mwizi! Mwizi! Mzaramo ameniibia! Mkamateni!" Na kule barabarani mzee, na umri wake ule, anakimbia, kofia imeshalala upande, anajibu bila kugeuka, "Mpagazi hapewi cheti! Nakiuza Bagamoyo!"

Majirani wa Ntalikwa walitoka kwenye milango yao wakashangilia, hakuna hata mmoja aliyeamulia. Mimi nililia na kucheka kwa wakati mmoja, nikiwa nimeshika mlango.

Mama alirudi baadaye anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi ana kofia ya mzee. Nikamuuliza cheti kiko wapi.

"Kaenda nacho," akasema. Akakaa kwenye kizingiti, akaiweka ile kofia kichwani mwake na kuikaza vizuri. "Jumatatu tutapitia kwake."